Maswali yenu wiki hii: sindano ya kunenepesha, broila na nyama ngumu

*Niko Kitengela na ng'ombe ndume sita aina ya Borana, nataka kuuza Desemba. Sindano gani ya homoni itawanenepesha haraka?*

Hujasema wanakula nini, na hilo ndilo swali nawauliza kila wiki. Wamarekani wanatumia homoni tangu miaka ya 50, na mara nyingi si sindano, ni vidonge vidogo kama punje za mchele vinavyopachikwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, na uzito wa kila siku unapanda asilimia 10 hadi 20, lakini huyo ng'ombe amesimama mbele ya hori lililojaa nafaka mchana na usiku. Wako anayeokota nyasi kando ya Namanga Road atajenga nyama na nini? Tena ndume asiyehasiwa ana homoni zake tayari, za dukani zinamwongezea kidogo sana. Pesa hiyo nunua dawa ya minyoo, hei, molasi na machicha ya bia, uwapime uzito kwa utepe kila wiki.

Na kule wanachagua sikio kwa sababu linatupwa kichinjioni pamoja na mabaki ya kidonge. Huku kwetu kichwa kizima kinaingia sufuria ya supu. Juzi msomaji alinitumia picha ya chupa aliyouziwa agrovet, lebo imekwaruzwa, hakuna jina la dawa wala siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Jamani, hiyo rudisha!

*Ile homoni ya kuongeza maziwa je, naweza kuwadunga ng'ombe wa nyama?*

Usithubutu. Marekani waliipitisha 1993 kwa ng'ombe wa maziwa tu. Kwenye majaribio ya wa nyama mafuta yalipungua na nyama nyekundu ikaongezeka, lakini ni kudunga tena na tena.

*Ni kweli broila wanapewa homoni?*

Hapana, na mmeuliza hii mara ngapi? Homoni ya ukuaji ni protini, ukiiweka kwa chakula inasagwa tumboni kama yai. Wanakua haraka kwa sababu ya mbegu na lishe. Mimi naogopa zaidi antibiotiki mnazowapa mpaka asubuhi ya kuchinja.

*Nina bucha Kayole, wateja wanalia nyama ni ngumu. Ni homoni?*

Homoni kwa kipimo kikali zinapunguza yale mafuta membamba ndani ya nyama na zinaweza kuikaza, sikatai. Lakini yako naona ni kitu kingine: ng'ombe mzee, amesafirishwa na lori siku mbili bila maji, nguvu ya misuli imeisha, anachinjwa usiku na saa moja asubuhi paja linaning'inia kwako bado lina joto, mteja anakatiwa nusu kilo msuli ukiwa umekakamaa. Mwambie anayekuletea awapumzishe na kuwanywesha kwanza, halafu nyama ilale kwenye baridi siku mbili tatu. Ikija nyeusi na inanata kwa vidole, ikatae, hiyo hata kwa friji haikai.