Jibu kwa dada aliyeambiwa na pasta alete majibu ya VVU kabla ya ndoa (na nyie mnaoshauri cheti cha kugushi someni)

Habari za saa hizi wakuu. Mtoa mada nimesoma uzi wako mpaka ukurasa wa mwisho nikaona nisipite kimya kimya, maana hii kazi ndo nimeifanya. Nilikuwa mshauri nasaha CTC (kliniki ya huduma na dawa za VVU) huku Nyanda za Juu Kusini miaka mingi kabla sijastaafu, na mambo ya wachumba na wanandoa ndo yalikuwa yananikalisha ofisini mpaka jioni.

Kwa watakaoingia sasa hivi: dada yuko kwenye ARV tangu 2019, virusi vimefubaa (yaani dawa zimevishusha mpaka havionekani kwenye damu), kapata mchumba ambae hajui kitu, mahari imeshapokelewa, na pasta kasema hatangazi ndoa mpaka wote wawili walete majibu. Juu ya hapo nesi mmoja wa pale anapochukulia dawa anasali kanisa hilo hilo. Sasa kuna mdau kamshauri amtume mdogo wake akapime kwa jina lake, na ushauri huo ndo umepata laiki nyingi kuliko wote humu, jamani!

Tuanze na pasta maana wa kwake ni mfupi. Sheria yetu Tanzania ya VVU na UKIMWI, ya 2008, inataka mtu apime kwa hiari yake, na wale wanaoweza kupimwa bila hiari wametajwa kabisa: amri ya mahakama, anayetoa kiungo cha mwili kumpa mwingine, na kesi za makosa ya kujamiiana. Wachumba hawamo. Wenzetu Kenya sheria yao ya 2006 imeenda mbele zaidi, imetamka wazi kwamba mtu asilazimishwe kupima kama sharti la ndoa, ajira, shule, safari wala bima. Huku kwetu neno ndoa halikutajwa hivo, ndo maana makanisa mengi yanaendelea na huu utaratibu na nia yao mara nyingi sio mbaya, wengine waliuanzisha enzi zile tunazika kila wiki. Ila nia nzuri haimpi mtu haki ya kushika karatasi ya majibu yako. Kifungu cha 16 kimetaja nani anaweza kupewa majibu zaidi ya mwenyewe: mzazi au mlezi kama ni mtoto, mwenza au mlezi kama mtu hana uwezo wa kuelewa, mwenza wa ndoa au wa kimapenzi, na mahakama. Pasta hayupo, mzee wa kanisa hayupo, mama mkwe ndo kabisa.

Mi nilichokuwa nafanya, nilikuwa nawaandikia barua kwamba fulani na fulani wamefika pamoja wakapata ushauri nasaha, basi, bila kusema nani ana nini. Mapasta wengi walikuwa wanaipokea na wanashukuru kabisa maana hata wao ule mzigo wa siri za watu hawautaki. Aliyekuwa anakataa nilikuwa namuuliza, hayo majibu ukishayaona utayafanyia nini? Kimya. Sasa ona, barua hiyo inasema mmefika wote wawili, kwa hiyo kwa pasta unaweza kujibanza nyuma ya sheria, kwa mchumba huwezi.

Na hapa ndo najua utanichukia kidogo mdogo wangu, ila sheria ile ile inayokulinda na pasta ndo hiyo hiyo inakudai. Kifungu cha 21 kinasema anayeishi na VVU akishajua hali yake amjulishe mwenza wake, na sio siku akijisikia, ni mara moja. Na mimi naona hapa sheria imekaa sawa hata kama inauma. Najua utasema "lakini virusi vyangu havionekani, siwezi kumwambukiza." Kweli kabisa na sikubishii, ule utafiti wa Ulaya wa PARTNER uliotoka 2016 ulifuatilia jozi 888 za wapenzi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, matendo ya ndoa bila kondomu kama elfu 58, na hawakukuta hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake aliyefubaza. Kwa hiyo kiafya huyo kaka yuko salama ukimeza dawa vizuri. Ila yeye anadhani anachagua kitu fulani na wewe unajua anachagua kingine, na mtu unaetaka azeeke na wewe ana haki ya kuchagua akiwa anaona.

Halafu kuna kitu mawakili wa humu hawajakigusa. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 39 inataja mambo yanayoweza kufanya ndoa ibatilishwe, moja ni kwamba siku ya kufunga ndoa mmoja wao alikuwa na ugonjwa wa zinaa unaoambukiza. Mi sio wakili, na ninavyoona aliyefubaza ana hoja nzito ya kusema wangu hauambukizi, lakini unataka hoja hiyo ukaijenge mahakamani mbele ya ndugu wa pande zote mbili?

Mnaomtisha dada kwamba akigundulika anafungwa, punguzeni. Jela ya miaka 5 mpaka 10 ipo kweli, kifungu cha 47, ila ni kwa anayeambukiza kwa makusudi. Kutosema ni kosa la aina nyingine na kuambukiza makusudi ni kingine, msivichanganye. Kenya walikuwa na kifungu cha 24 kilichokuwa kinambana mtu hata kwa kutomwambia mwenza, Mahakama Kuu ikakifuta 2015, sababu moja ni kwamba hakikueleweka vizuri kinamkataza mtu nini hasa. Na anayeumia na vifungu vya namna hii mara nyingi ni mwanamke, kwa sababu ndogo tu: yeye ndo anapimwa kwanza. Akibeba mimba tu anapimwa kliniki, mume hajawahi kusogelea kipimo maishani, jioni mama anarudi na majibu na anaitwa aliyeleta. Wangapi nimewapokea asubuhi yake na begi la nguo, wengine na jicho limevimba. Kwa hiyo nikisema mwambie simaanishi mwambie popote na vyovyote. Kama huyo mchumba ana mkono mwepesi, au alishawahi kukutisha, usimwambie mkiwa wawili ndani, na kwa kweli huyo hata huo uchumba uuangalie upya.

Sasa njia. Njia ambayo watu wengi wanaipenda, na wapo washauri wanaikubali, ni ile ya kuigiza: unaenda na mchumba kupima kama vile na wewe ndo mara yako ya kwanza, majibu yanatoka, unalia, mnafarijiana. (Na kwa faida ya wasiojua, kufubaza virusi hakubadilishi kipimo cha haraka, kile kinasoma kinga ambazo mwili umetengeneza, kitaonyesha una maambukizi hata kama virusi havionekani kwenye damu. Kwa hiyo msidanganyane kwamba atapima na itatoka hana.) Mimi nilikuwa nakataa kuigiza. Sikatai kwa sababu ya utakatifu wowote, nilikuwa nimeona mwisho wake. Kuna wanandoa walikuja wameigiza sehemu nyingine, mume akampokea mke vizuri tu akawa anamsindikiza mpaka kliniki, mwaka umepita anatafuta hati ya kiwanja kwenye sanduku anakutana na kadi ya CTC yenye tarehe ya miaka minne kabla hawajajuana. Alikuja kwangu na ile kadi mkononi anatetemeka, akaniambia dada hiki kirusi nilishakisamehe siku ile ile, lakini yale machozi aliyolia pale na mimi nikambembeleza, yale nayafanyaje? Waliachana, na yeye kipimo chake hakikuwahi kuonyesha maambukizi.

Wewe una kitu wale hawakuwa nacho, hujaigiza bado. Mwambie mshauri wako wa CTC kwamba unataka kumwambia mwenza wako mbele yake, hiyo ni kazi yao kabisa wanaijua. Mchukue kaka siku ambayo sio ya kliniki ili asikae kwenye lile benchi linaloangaliwa na kila mtu. Useme wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, sentensi fupi, na mwaka uutaje hapo hapo. Mshauri aendelee na mengine: dawa zinafanyaje kazi, majibu yako ya wingi wa virusi, yeye apime, kama anataka kinga ya ziada kuna PrEP (dawa anazotumia asiye na virusi ili asiambukizwe), na watoto mtapata wazima mkifuata maelekezo. Hayo ya kitaalamu usiyabebe wewe, siku hiyo hata ukiyasema hatayasikia. Umpe muda. Wapo waliorudi baada ya wiki, wengine hawakurudi, sitakudanganya. Akiondoka mahari itarudishwa, aibu itapita, dawa unaendelea nazo.

Ila mwombe, mbele ya mshauri, kwamba hata akiondoka asiseme kwa watu. Wengi wanaheshimu wakiombwa namna hiyo.

Yule mdogo wako muache kabisa. Mkigushi mnakuwa na makosa mawili badala ya siri moja, na yeye anaingia kwenye kesi ya kughushi kwa ajili ya harusi ambayo sio yake.

Mwisho ni huyo nesi. Mpaka sasa hajasema kitu, kwa hiyo usimhukumu, manesi wengi tunasali na wagonjwa wetu na tunakaa nao meza moja kwenye sherehe bila kutikisika. Kama unaogopa sana unaruhusiwa kuhama kituo, omba barua ya uhamisho uhamie hata wilaya nyingine, nimehudumia watu wanatoka Mbeya wanakuja kuchukulia dawa Makambako kwa sababu hiyo hiyo na kwa dawa za miezi mitatu au sita sio safari ya kukuumiza. Akija kusema kweli, usiende kugombana nae kanisani. Andika barua kwa mganga mfawidhi wa kituo, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya, nyingine Baraza la Uuguzi na Ukunga, eleza alisema nini, lini, kwa nani na nani alikuwepo. Nakala yako hakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa, maana hizi barua zina tabia ya kupotea mezani.