Maswali ya Wasomaji: Petroli Yenye Ethanoli, Magari ya Zamani na Injini Ndogo

SWALI: Bwana Mhariri, ninalo gari aina ya Peugeot 504 la mwaka 1978, nililoachiwa na marehemu baba yangu, nami huliendesha siku za Jumapili na wakati wa harusi za jamaa. Nasikia petroli yetu inachanganywa na ethanoli, yaani spiriti itokanayo na mimea. Je, niliuze kabla halijaharibika, au ipo dawa ya kutia kwenye tangi? – Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu msomaji, usiliuze. Sheria ya Nishati za Mimea ya mwaka 2020 ndiyo iliyoweka msingi wa uchanganyaji huu nchini Uganda, na kiwango kilichotangazwa cha kuanzia ni asilimia 5. Wenzetu wa Malawi wamekuwa wakichanganya tangu mwaka 1982, wakati magari ya rika la hilo lako yalikuwa bado mapya barabarani, na magari hayo yaliendelea kutembea. Kinachoumia kwanza si injini, bali ni mipira ya mafuta, gasketi za koki na kiwambo cha pampu (utando wake wa mpira), kwa sababu vitu hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya petroli tupu na ethanoli huvilainisha, huvivimbisha na hatimaye huvipasua.

Basi anza hapo. Injini ikiwa baridi, fungua boneti, ukamate mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) na uukunje kwa vidole. Ukiona nyufa ndogo ndogo, ubadilishe bila kungoja. Usipoona ufa, upanguse kwa kitambaa safi na unuse kitambaa hicho, kwani kikinuka petroli ujue mpira umeshaanza kupitisha mafuta hata kama kwa nje unaonekana mkavu. Mipira iliyofumwa uzi wa pamba kwa nje ndiyo ninayoitilia shaka zaidi, maana uzi huficha nyufa, na petroli ikidondokea injini ya moto gari huungua. Ukienda soko la Kisekka mjini Kampala, uliza mpira wenye maandishi SAE 30R9 ubavuni, alama ya mipira iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta, na usikubali kuuziwa mpira wa maji kwa sababu tu unene wake unalingana.

Uwe pia na chujio la akiba, kwa kuwa ethanoli hung'oa utando uliojijenga ndani ya tangi kwa miaka mingi na kuusukuma mbele. Kuhusu kabureta, petroli tupu huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya mafuta, ilhali ethanoli huhitaji kilo 9 tu, kwa hiyo kabureta isiyoweza kujirekebisha itatoa mchanganyiko wenye hewa nyingi kidogo. Kwa asilimia 5 hutaona tofauti yenye maana. Kiwango kikipanda hadi asilimia 20, ambacho kimo katika Sera ya Nishati Jadidifu ya mwaka 2007, hapo fundi atalazimika kuweka jeti (kitundu kinachopitisha mafuta ndani ya kabureta) kubwa zaidi. Ama dawa za chupa, zipo zinazosaidia kuzuia kutu, lakini hakuna hata moja inayoziba mpira uliopasuka.

SWALI: Mimi ni mfugaji wa kuku. Jenereta yangu ya petroli hulinda mashine ya kutotoleshea vifaranga umeme unapokatika, lakini kila ikikaa mwezi mmoja au miwili hukataa kuwaka, na fundi anasema mafuta yameingia maji. Maji hayo yanatoka wapi? – Mama mfugaji, Masaka

JIBU: Pole sana, mama, kwa maana mayai hayangojei fundi. Ethanoli huvuta maji, na petroli yenye asilimia 10 yake huweza kubeba maji kiasi cha nusu asilimia hivi, yaani takriban mililita 100 katika dumu la lita 20. Yenye asilimia 5 hubeba pungufu ya hapo. Maji yakizidi, ethanoli huachana na petroli, hushikamana na maji hayo na kuzama chini ya tangi, pale pale injini inapovuta mafuta. Unyevu wa hewa huingia polepole mno, kwa hiyo mimi ningeanza kukagua kifuniko cha tangi na mahali jenereta inapokaa wakati wa mvua, pamoja na dumu ulilonunulia mafuta.

Mafuta yaliyokwisha kujitenga yamwage mbali na moto na mbali na kisima; kuyatikisa hakusaidii. Kisha kila unapomaliza kuitumia jenereta, funga koki ya mafuta na uiache iendelee kunguruma mpaka izime yenyewe, halafu ulegeze skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta ili matone ya mwisho yatoke, kwa kuwa hayo ndiyo yanayooza na kuziba jeti. Iwashe kila wiki hata kama umeme upo. Ikiwa una msumeno wa mnyororo au mashine nyingine inayochanganyiwa oili, uangalifu uzidi, kwa sababu tabaka la ethanoli na maji halibebi oili ipasavyo na pistoni inaweza kukwama siku hiyo hiyo.

SWALI: Mwenzangu wa boda boda hutia maji kwenye petroli ili kuondoa ethanoli. Nifanye hivyo? – Msomaji, Mbale

JIBU: Usifanye. Njia hiyo inafaa kwa kupima tu: tia mililita 10 za maji na 100 za petroli katika chupa ya kioo yenye vipimo, tikisa, uache itulie, maji yakionekana kuongezeka hadi 15 hivi, ethanoli ni kama asilimia 5. Lakini petroli inayobaki juu imepoteza okteni (uwezo wa kutowaka kabla ya wakati) iliyoletwa na ethanoli, nayo imebaki na unyevu, kwa hiyo injini ya pikipiki itagonga ikipanda mlima. Kiasi ulichopimia usikirudishe kwenye tangi.