Usijiite "cheap" kwenye tangazo lako mwenyewe

Kazi yangu ya pembeni ni kunyoosha Kiingereza cha matangazo ya watu: nyumba za wageni, mafundi cherehani, kampuni ndogo za utalii za Arusha na Moshi, wauza viatu wa Instagram. Neno ninalolifuta kuliko yote ni "cheap". Anayeliandika ana nia njema kabisa: bei yangu haiumizi, karibu. Mgeni anayesoma anaona mambo mengine: shuka zilizopauka, bomba linalovuja, kitasa kisichofunga.

Nikimwambia mwenye tangazo, hujibu, "Si kamusi imesema ni rahisi?" Imesema, na haijakosea. Ila jiulize, dukani kwako ungebandika kibao cha "vitu rahisi"? Hubandiki, kwa sababu unajua wateja wana "rahisi huvunja upishi" yao kichwani. Unaandika bei nafuu, bei poa, bei chee. Na yule wa mitumba pale Karume anayeita watu kwa "bei ya kutupa" hawezi kukodisha ukumbi wa harusi kwa maneno hayo hayo. Tunayapima haya kila siku kwa Kiswahili bila kufundishwa. Tukihamia Kiingereza, mizani tunaiacha nyumbani.

Kinachoamua ni mdomo unaolitamka. Mnunuzi akisema "I got it cheap" anajisifu: amepata kitu kwa bei ndogo, mjanja huyo. Anayetafuta "cheap flights" mtandaoni naye hana ubaya, anasema kama mnunuzi. Muuzaji akisema bidhaa zangu ni "cheap", amejitangaza vibaya kwa mdomo wake.

Neno lenyewe halikuzaliwa na aibu hiyo. Katika Kiingereza cha kale lilihusu biashara na mapatano ya bei, ndiyo maana London kuna mtaa wa Cheapside, uliokuwa sokoni. Watu walisema "good cheap", yaani bei nzuri kwa mnunuzi. Katika karne ya 16 "good" ikaachwa njiani, "cheap" ikabaki inatembea peke yake, na leo imebeba mizigo mingi. Mzaha wa "cheap" ni ule wa kumdhalilisha mtu ili wengine wacheke. "Talk is cheap" anaambiwa mwenye ahadi nyingi na vitendo hakuna. Na Mmarekani akikuambia fulani ni "cheap", anamaanisha mkono wa birika. Mwingereza kwa mtu huyo huyo husema "mean" au "tight", na hapo pana mtego mwingine: mwandikie Mmarekani kwamba bosi wako ni "mean", ataelewa bosi ana roho mbaya, wala hatawaza habari za pesa.

Sasa, uandike nini badala yake? Si kila neno lililopangwa pembeni ya "cheap" linafaa kukaa mahali pake.

"Affordable" linatazama mfuko wa mteja. Linafaa kwa nyumba, ada, matibabu na vyumba vya wageni. "Inexpensive" linasema tu kwamba bei si kubwa, halitukani wala halipambi. Ni rasmi kidogo. "Reasonable" hukaa vizuri na bei: "reasonable rates" ni sawa, lakini "reasonable room" itamwacha msomaji anakuna kichwa. "Economical" ni kitu kisichokula sana, kama gari linalolamba mafuta kidogo, na gari hilo linaweza kuwa la bei mbaya. Kwa hiyo "economical rooms" niliyoletewa juzi niliifuta.

La kuangalia zaidi ni "budget", hasa kama uko kwenye utalii. Huku kwetu "budget safari" ni daraja linalojulikana: mara nyingi ni kulala kwenye hema na kuchangia gari na wageni wengine. Mtalii anayetafuta hivyo atakupenda. Lakini kama nyumba yako ina bwawa la kuogelea na vyumba vyenye kiyoyozi, ukijiita "budget" umejishusha mwenyewe, na aliyekuwa tayari kulipa zaidi amekupita.

Jambo dogo la kisarufi: bidhaa ndiyo "cheap", bei ni "low". "Cheap price" utaisikia hata kwa Waingereza wenyewe, ila kwenye maandishi ya biashara andika "low price".

Kuhusu vitabu vya visawe, vitumie kwa tahadhari. Peter Mark Roget, daktari wa Uingereza aliyetoa kitabu chake maarufu cha visawe mwaka 1852, alipanga maneno kwa mafungu ya maana bila kuyaeleza moja moja. Kinamfaa anayeyajua tayari ila yamemtoka kichwani. Wewe unayejifunza, fungua kamusi ya wanafunzi yenye sentensi za mfano, kama Oxford Advanced Learner's Dictionary, ile iliyoanzishwa na A. S. Hornby, na usome mifano kabla ya maana. Kisha pitia matangazo ya washindani wako wanaopata wateja unaowataka, uone wanatumia neno gani.

Na neno zuri peke yake halitoshi. "Cheap rooms near the airport" nilibadilisha kuwa "Clean, affordable rooms, ten minutes from the airport", baada ya kumuuliza mwenye nyumba kama kweli ni dakika kumi. Ilikuwa kweli, foleni ikiwa haijakaa vibaya.

Mara moja tu nimeliacha "cheap" likae. Muuza ndala za shanga ufukweni, wateja wake wengi Waingereza, alitaka kibao kisemacho "cheap and cheerful". Huko kwao ni sifa: kitu cha bei ndogo kisicho na makuu, lakini kinapendeza. Nikamrekebishia herufi tu.