Kabla ya Kugombana Kuhusu AI Kwenye Gemu, Uliza Imetumika Wapi

Siku hizi gemu kubwa ikitangazwa, watu kwenye makundi ya wachezaji hawaanzi tena na bei wala tarehe ya kutoka. Wanaanza na AI, yaani akili unde inayofundishwa kwa kazi za watu kisha ikazalisha picha na sauti: imetumika au haikutumika? Ikijulikana imetumika, nusu ya kundi inaapa haitanunua, na nusu nyingine inawaita wenzao walalamishi wanaoogopa teknolojia. Nimekuwa ndani ya mabishano haya kwa muda mrefu, na nimeona yalivyowachosha watu hadi wengine wakaacha kabisa kuzungumzia gemu wanazozipenda. Ushauri wangu ni huu: usiishie kuuliza kama AI imetumika. Uliza imetumika kwenye kitu gani, na je, mwenye mchoro au mwenye sauti aliridhia?

Swali la ndiyo au hapana halitufikishi popote, kwa sababu kompyuta zimekuwa zikizalisha sehemu za gemu tangu zamani. Rogue ya 1980 ilikuwa ikipanga vyumba vyake upya kila unapoanza kucheza. Elite ya 1984 ilizalisha galaksi 8, kila moja ikiwa na nyota 256, maana mashine za wakati ule hazikuwa na nafasi ya kuzihifadhi zote. Lakini kanuni za kuzalisha vitu hivyo ziliandikwa na watengenezaji wenyewe. Hakuna aliyekusanya michoro ya maelfu ya wasanii bila kuwauliza ili kuifundisha mashine. Kwa hiyo mtu akikuuliza mbona sayari za gemu ya No Man's Sky zilizalishwa na kompyuta na hamkusema kitu, mweleze tofauti hiyo kwa upole, kisha mwendelee na yaliyo muhimu.

Pa kuanzia ni ukurasa wa gemu yenyewe. Tangu Januari 2024, Valve, kampuni yenye duka la gemu la mtandaoni liitwalo Steam, inawataka watengenezaji wanaouza humo waeleze jinsi walivyotumia AI, na inatofautisha vitu vilivyozalishwa wakati gemu inatengenezwa na vile vinavyozalishwa papo hapo wakati unacheza. Hivi vya pili mtengenezaji lazima aeleze pia ameweka vizuizi gani ili mashine isitoe mambo yaliyo kinyume cha sheria. Mimi sinunui kabla ya kushuka chini na kuisoma sehemu hiyo. Utakuta maelezo yanayokwambia kitu, na mengine yanayojaza nafasi tu. Call of Duty: Black Ops 6 ilikuja na sentensi moja, kwamba timu yao hutumia zana za AI kusaidia kutengeneza baadhi ya vitu vya ndani ya gemu. Vitu gani? Haikusema. Tamko hilo lilionekana Februari 2025, wakati wachezaji walikuwa wakiuliza tangu Desemba, baada ya kuona picha ya Santa zombi ambaye mkono wake ulionekana kuwa na vidole sita, kosa la kawaida la picha za AI. Ukikutana na sentensi kama hiyo, hesabu kwamba hujajibiwa, uendelee kuuliza hadharani.

Suala la sauti ndilo linalonigusa zaidi. Wengi wetu tunawajua waigizaji wa sauti kabla hata ya kuzijua sura zao. Tazama kesi mbili zinazofanana kwa mbali. ARC Raiders ilitoka Oktoba 2025 ikiwa na sauti zilizotengenezwa na mashine kutokana na rekodi za waigizaji ambao, kwa maelezo ya studio, walilipwa na kukubali kwa mkataba. Hata hivyo, tovuti ya gemu ya Eurogamer iliipa nyota 2 kati ya 5, na sauti hizo zilikuwa sababu kubwa. Kwa sikio langu, sauti ya namna hiyo inatosha kutaja jina la silaha iliyolala chini. Mhusika anapotakiwa kusikitika, au kumdanganya mwenzake huku anatabasamu, unasikia pengo. Hakuna pumzi kabla ya neno zito.

Kesi ya pili ni Darth Vader, mhusika mwovu wa filamu za Star Wars, ndani ya gemu ya Fortnite, Mei 2025. Wachezaji waliweza kuongea naye akawajibu kwa sauti, iliyotengenezwa na AI, ya James Earl Jones, mwigizaji aliyempa Vader sauti kwenye filamu na aliyefariki Septemba 2024. Familia yake ilikuwa imeridhia. Basi tatizo lilikuwa wapi? Chama cha waigizaji cha Marekani, SAG-AFTRA, kilifungua malalamiko kwamba kazi ya wanachama wake imepewa mashine bila chama kushirikishwa, kwa sababu wapo waigizaji ambao kwa miaka wamekuwa wakimwigiza Vader kwenye gemu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ridhaa ina zaidi ya mwenye sauti mmoja. Yupo pia ambaye angeitwa studio kesho kufanya kazi ile. Waigizaji wa gemu wa chama hicho walikuwa kwenye mgomo tangu Julai 2024 hadi Juni 2025, na mkataba walioupata unadai wapewe taarifa na waridhie kabla nakala ya kidijitali ya sauti au umbo lao kutumika. Ukisikia mtu anasema mashabiki wanapiga kelele bure, mkumbushe kwamba wenye kazi waligoma karibu mwaka mzima kwa ajili ya jambo hili.

Kuhusu adhabu, hapa nitatofautiana na baadhi yenu. Desemba 2025, Clair Obscur: Expedition 33 ya studio ya Kifaransa Sandfall Interactive ilinyang'anywa tuzo zake za Indie Game Awards, tuzo za gemu za studio zinazojitegemea. Tuzo hizo haziruhusu AI, studio ilikuwa imesema haikuitumia, kumbe gemu ilitoka ikiwa na picha chache za muda zilizozalishwa na AI, ambazo ziliondolewa siku chache baadaye. Kunyang'anywa tuzo naona ni haki, kwa kuwa sheria ilijulikana. Kuiita gemu nzima takataka za AI si haki hata kidogo. Kuna watu waliokesha wakichora ulimwengu ule na kuutungia muziki, na matusi hayo yanawaangukia wao.

Hilo linanileta kwenye jambo ninalokuombeni kwa dhati: msimtuhumu msanii kwa kukisia. Kwenye kundi moja nililokuwamo, binti mmoja aliyekuwa akitengeneza gemu yake peke yake aliweka mchoro wa mhusika wake mkuu. Mtu akaona kidole gumba kimekaa vibaya, akaandika "AI", na ndani ya usiku mmoja yule binti akawa anashambuliwa kila upande. Ilibidi aweke rasimu zote, tangu mistari ya kwanza ya penseli, tabaka moja baada ya jingine, na ukiangalia unaona kabisa mahali alipofuta kile kidole na kukirudia. Waliomshambulia wakanyamaza. Aliyerudi kuomba radhi sikumwona, na yule binti hakuweka mchoro mwingine pale. Tunasema tunawatetea wasanii, halafu tunawafukuza wenyewe. Ukiwa na shaka, muulize faraghani, na kwa heshima, kama ana rasimu za kuonyesha. Walio wengi hufurahi kuonyesha kazi yao inavyozaliwa.

Na kama umeshanunua, ukagundua kitu usichokikubali? Steam inakurudishia pesa ukiomba ndani ya siku 14 na uwe umecheza chini ya saa 2. Kwenye fomu ya kuomba kuna nafasi ya kuandika sababu, itumie. Ukiandika maoni ya gemu, neno "AI" peke yake halimsaidii mnunuzi anayefuata wala halimpi mtengenezaji cha kurekebisha. Taja sehemu ya gemu ulipofika, taja mhusika au picha, eleza ulichosikia au ulichoona, na weka picha ya skrini kama unayo.