Mtoto mdogo na katuni za kujifunza: kaa naye mtazame pamoja

Wiki hii mama mmoja kaniandikia: “Dada, mwanangu ana miaka miwili, hali uji bila katuni. Nimkataze kabisa?” Nimemjibu hapana. Naeleza hapa kwa kirefu, maana wengi wetu tunataka watoto wachangamke mapema lakini simu isije ikawatawala.

Binti yangu ana miaka mitatu na anatazama katuni za kujifunza, wala sioni haya kulisema. Ni jioni akishaoga, nusu saa, kwenye runinga ya sebuleni. Simu simpi. Kwenye simu YouTube inajiendeleza yenyewe: unamwacha kwenye herufi, ukitoka jikoni unamkuta anatazama mtu mzima anapasua mayai ya plastiki. Kwa hiyo nashusha video mapema, naweka mbili tu, zikiisha zimeisha.

Anampenda sana Akili wa katuni ya Akili and Me, yule binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Inatengenezwa hapa hapa Dar es Salaam na shirika la Ubongo kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita, na ipo kwa Kiswahili. Mtoto akisikia lugha ya nyumbani kwake, anaijibu runinga.

Kwenye arobaini ya mtoto wa ndugu yetu, shangazi mmoja alisema mbele ya watu kwamba mimi nimeiachia runinga kazi ya kulea. Watu wakacheka. Niliumia, na hadi leo linanichoma, kwa sababu hajawahi kukaa nasi ile nusu saa. Mimi huwa nimempakata binti yangu. Wa kwenye katuni wakihesabu, nasi tunahesabu. Wakitaja nyekundu, namwuliza nyekundu iko wapi humu ndani, anakimbilia kanga yangu.

Juzi gengeni akashika nyanya za fungu moja, akahesabu moja, mbili, tatu, nne. Ya tano ilikuwa na kovu, akairudisha mezani akasema, “Hii mbovu.” Mwenye genge akamwongezea nyanya mbili kwa furaha. Natamani shangazi angekuwepo!

Mama wenzangu, video peke yake haitoshi kumfundisha mtoto mdogo. Katika umri huu anajifunza zaidi kwa mtu anayemjibu, anayemwangalia usoni. Ukimwekea katuni uende kufua, umempumzisha mwili tu. Kaa naye. Na muda uwe na mwisho: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019, kwamba ambaye hajafikisha miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndiyo bora. Dada wa kazi naye aelezwe, na bibi pia, kwa heshima. Kaa naye, narudia.

Sasa uji. Mtoto anayekula huku macho yake yakiwa kwenye katuni hajui ameshiba saa ngapi. Anza na uji wa asubuhi peke yake. Simu iwe chumbani, mkalie mkekani, mpe kijiko chake ajichotee hata akimwaga. Ataususia. Atalia. Mpakate, mbembeleze, ila simu usimpe akiwa analia. Katuni atazame jioni, ameshashiba, wewe ukiwa pembeni yake. Kisha niandikie tena, dada, nataka kujua anakulaje.