Fimbo fupi ya besi au ya futi 9? Kwa aliyeuliza kutoka Tudor, Mombasa

Ndugu, swali lako nimelisoma. Shemeji yako anakuja Desemba kutoka Texas, amekubali kukubebea fimbo moja ya kuvulia kwa nzi bandia (ndoana iliyovikwa manyoya), nawe jicho limeangukia zile fupi zilizoundwa makusudi kwa samaki wa besi, maana mara moja moja hupanda Ziwa Naivasha. Mimi ningemwambia alete ya futi 9, namba 8, ya vipande vinne, na pesa itakayosalia aitie kwenye laini. Ila zile fupi si upuuzi, usimsikilize anayezicheka.

Besi mdomo mkubwa kwao Marekani hukaa kwenye magugu, chini ya magogo na magati. Mvuvi yuko ndani ya boti, anarusha karibu tu, na anachorusha ni kidude kinene cha manyoya ya kulungu kinachokamata upepo. Samaki akishika, lazima umgeuze kichwa papo hapo. Ukichelewa amejisokota kwenye majani, kazi imekwisha. Hapo ufupi ni nguvu, kwa sababu fimbo ni wenzo: ikiwa ndefu, samaki ndiye anayefaidi, mkono wako ndio unaoumia. Isitoshe, sheria za mashindano ya besi kwa miaka mingi zilikataza fimbo inayozidi futi 8. Ndiyo maana Sage, watengenezaji fimbo wa Marekani, walipotoa za kwao waliishia futi 7 na inchi 11.

Sasa angalia maandishi yake. Fimbo za kawaida huandikwa namba, na namba hutokana na uzito wa futi 30 za mwanzo za laini. Namba 8 ni greni 210, karibu gramu 13 na nusu. Zile za Sage waliziandika kwa greni: ya Smallmouth (besi mdomo mdogo) 230, ya Largemouth (mdomo mkubwa) 330. Laini yake ina kichwa, yaani sehemu ya mbele, kifupi na kizito, na hicho ndicho kinachoifanya fimbo ipinde vizuri kwa mrusho mfupi. Kwa hiyo hununui fimbo tu, unanunua fimbo na laini yake. Siku laini ikichanika kwenye matumbawe, utaanza upya kutafuta mtu anayesafiri.

Naivasha nimeitumia fimbo ya namna hiyo, ya kuazima, na wallahi ilinifurahisha. Besi wapo pale tangu 1929, waliletwa kutoka Marekani, na bado wanapenda ukingo wa mafunjo. Nahodha anakusogeza taratibu, huku anachungulia viboko. Unarusha popa, yaani nzi bandia anayeelea na kulia akivutwa, hadi pale majani yanapogusa maji, kisha unaiacha. Usiivute! Ngoja viduara vya maji vipotee kabisa, halafu ivute kidogo tu, ilie "plup". Mara nyingi anashika wakati huo huo, au hata kabla hujavuta, ikiwa imelala tu. Kwa kazi hii fimbo fupi inakaa mkononi kama mwiko, unarusha na kuokota siku nzima bila bega kulalamika. Asubuhi ikipita na jua likawaka, weka nzi wa kahawia au mwekundu anayefanana na kamba wa maji baridi. Ziwani wamo kamba wa Louisiana walioletwa 1970, na besi huwala sana. Siku hizi kuna samaki wageni, wale karpu, wanachimbua matope na maji yanakuwa mazito, basi chagua kitu cheusi au chenye kelele.

Lakini fimbo namba 8 ya futi 9 inaifanya kazi hiyo hiyo vizuri tu. Utachoka zaidi kidogo, na chini ya matawi utabanwa. Basi.

Njoo sasa huku kwetu, ambako ndiko utakakovua wikendi zote. Ukisimama kwenye maji ya kiunoni Tudor au kwenye mwamba wa Nyali maji yakipwa, fimbo fupi inakutesa. Laini ya nyuma inashuka na kupiga maji, na kila ikipiga maji mrusho wa mbele unakufa. Halafu kuna upepo. Ukiielekea bahari pwani hii umeelekea mashariki, na kusi inakuja kutoka kuliani. Kama unatumia mkono wa kulia, ndoana inasukumwa kichwani kwako. Futi moja ya ziada ndiyo inayoipitisha juu ya sikio. Kaskazi inatokea upande wa kushoto, inaisukuma laini mbali nawe, ndiyo maana Desemba ni mwezi mzuri wa kujifunza. Miezi ya kusi kali ingia ndani ya mkono wa Tudor au Mtwapa, nyuma ya mikoko, ama geuka urushe kwa kinyumenyume. Na uangalie bamvua: maji yakianza kujaa pale juu ya mwamba hayakungoji umalize kumvuta samaki.

Kuhusu laini, hapa ndipo wengi wanapotupa pesa. Laini ya trauti, samaki wa mito ya baridi, imetengenezwa kwa maji baridi. Jua la Mombasa likiipata inalegea, inanata kwenye pete, na hata fimbo ya bei kubwa inakuwa haina maana. Mwambie shemeji asome kwenye boksi: iwe ya maji ya joto, inayoelea, namba 8, kichwa kizito kwa mbele. Laini nyingi za besi zenyewe ni za joto, hizo zinafaa pande zote mbili. Lida, ule uzi mwembamba kati ya laini na ndoana, usiifanye ndefu. Kwa popa kubwa futi 7 zinatosha, mwisho wake nailoni inayohimili ratili 16 au 20. Lida ndefu na nyembamba haiwezi kulipindua lile popa, litaanguka kichwani mwa laini.

Rili, kile kigurudumu cha kuzungushia laini, iwe ya maji ya chumvi, breki yake imefunikwa. Kila ukirudi, fungua rili uitoe kwenye fimbo, uoshe kwa maji matamu pale chini ya ule mkaza unaoishika. Chumvi hukaa hapo, kwenye nyuzi, nyeupe kama unga, na ikikauka siku kadhaa huutoi ule mkaza ila kwa koleo. Rili ya Naivasha haijui shida hizi.

Kikapu cha kiunoni cha kukusanyia laini usiagize. Nunua beseni la plastiki Kongowea, litoboe chini maji yatoke, simamisha vipande vya nailoni nene ndani ili laini isijisokote, upitishe mshipi wa suruali.

Jambo moja ambalo wewe mtu wa pwani utawazidi Wamarekani: kumkaza samaki. Wao wamezoea trauti, samaki akishika wanainua fimbo juu, na besi anatema. Inatakiwa fimbo ibaki chini imemwelekea, uvute laini kwa mkono wa kushoto kwa nguvu hadi uhisi uzito, ndipo uinue. Yeyote aliyekua akivua kwa mshipi wa mkono anafanya hivyo bila kufundishwa. Kolekole na kelea wa mikokoni nao wanataka hivyo hivyo, na kelea akishika mvute palepale kabla hajaingia mizizini.

Uliuliza pia kama fimbo hiyo hiyo itafaa kwa nguru nje ya mwamba. Kwa kolekole wadogo na chewa wa ukubwa wa sahani, namba 8 inatosha. Kwa nguru tafuta namba 10 au zaidi, na rili yenye uzi wa akiba mrefu. Mbele ya ndoana tia kipande cha waya, maana nailoni ya ratili 20 anaikata kwa kupita tu.