Mwezi haujaandama au haujaonekana?

Swali: Jioni ya tarehe 29 Ramadhani nilisikia matangazo mawili. Moja lilisema "mwezi haujaandama", jingine "mwezi haujaonekana". Kalenda yangu nayo iliandika "mwezi mpya" tangu siku hiyo asubuhi. Je, maneno haya yote ni mamoja?

Jibu: Katika mazungumzo ya kawaida mawili ya kwanza hubadilishana, na simkosoi mtu. Hilo la kalenda ndilo linalopoteza watu. "Mwezi mpya" wa wanafalaki ni pale mwezi unapopita upande liliko jua. Ni nukta moja ya wakati, ile ile kwa dunia nzima, na mwezi wenyewe hauonekani, labda jua lipatwe, na hapo utauona weusi wake tu. Wengine hukuita kuzaliwa kwa mwezi. Hilali, yaani mwezi mwembamba wa mwanzo, ya kuonwa kwa macho matupu huja baadaye, kwa kawaida zikishapita saa 15 au zaidi. Kalenda yako basi haikukosea hesabu.

Kuandama ni kufuata. Jioni ya kuandama jua hutangulia kuchwa, mwezi ukafuata nyuma yake. Kipimo cha kalenda ya Umm al-Qura ya Saudi Arabia tangu 2002 kinakaribiana mno na neno letu: mwezi uwe umezaliwa kabla ya jua kuchwa, kisha utue Makka baada ya jua. Kwa maana hiyo mwezi waweza kuandama na asiuone mtu, kwa mawingu au kwa wembamba wake.

Kuonekana ni habari ya shahidi. Mtume ameagiza watu wafunge kwa kuuona na wafungue kwa kuuona, na ukifichikana wakamilishe siku 30. Wapo wanazuoni wanaokubali hisabu, lakini anayefuata ruuya, yaani kuuona kwa macho, akitangaza "haujaonekana" amesema kile kile anachokijua. Akisema "haujaandama" ametolea habari mambo ya angani, ambayo pengine mawingu yamemziba asiyaone. Ningemshauri ashike "haujaonekana". Ukishaonekana, hapo aseme "umeandama" bila wasiwasi.

Na ukiandika juu ya mahesabu hayo, sema "hisabu ya falaki". Usiseme watu "wamepiga falaki", maana hapo umewapeleka kwa mganga.